Sayari Iliyokaa Karibu Mno na Moto

Nikiwa ugenini na nikataja ninakotoka, lazima mtu mmoja aulize kama nilikuja kwa basi au kwa ungo. Mwingine atasogeza kiti chake pembeni na kuulizia radi zinauzwaje siku hizi. Nimezoea. Mimi ni wa Sumbawanga, nafundisha fizikia, na jibu langu ni lilelile: ungo ulikuwa umejaa, ikabidi nipande basi. Wanacheka, nami nacheka nao. Lakini kwetu neno la uchawi halikuwahi kuwa la kuchekesha. Ndilo lililomtoa shangazi yangu nyumbani kwetu Kizwite na kumshusha bondeni Muze, likamweka huko miaka ishirini na zaidi.

Jambo hilo nilianza kulielewa darasani, mwezi wa Julai, kwa sababu ya sayari.

Julai ya huku juu si ya mchezo. Upepo unavuka uwanda wa Ufipa bila mti wa kuuzuia, na vioo vya darasa letu vilivyobaki vimebaki kwa huruma ya Mungu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huandika wakiwa wamevuta mikono ya masweta mpaka kwenye kucha. Asubuhi hiyo binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye maswali yake yamewahi kunitoa jasho hata kwenye baridi, alikuwa amesoma kwenye simu ya kaka yake habari ya sayari moja ya mbali sana. Ni ya mawe matupu, inaizunguka nyota ndogo iliyo hafifu, na inaungua. Akasimama.

"Madam, kama nyota yenyewe ni hafifu, hiyo sayari inaunguaje?"

Haikuwa mada ya siku hiyo. Lakini kwenye baridi ile hata mimi nilitamani kuzungumza habari za joto.

Nikawaambia wafikirie moto. Jua letu ni tanuri la kuchomea matofali, nasi tumekaa mbali nalo, linatutosha. Nyota ile ni jiko dogo la mkaa, tena lililofunikwa majivu. Kutoka hapa huioni kwa macho, hata anga liwe safi namna gani. Lakini jiko dogo ukilikumbatia litakuunguza vilevile, na sayari ile imelikumbatia. Inalizunguka kwa kasi hata mwaka wake ni mfupi kuliko siku yetu moja. Upande mmoja umeuelekea moto daima na jua lake halichwi. Upande wa pili ni usiku usiokucha. Ardhi yake inadhaniwa kuwa mwamba mweusi, na hapo nikawakumbusha yale mavi ya chuma ambayo jembe hugonga mashambani kwetu, masalia ya matanuri ya mababu waliokuwa wakiyeyusha chuma.

"Na kwa nini tunalifunika jiko majivu?" nikauliza.

"Ili lidumu mpaka asubuhi!" wakajibu kwa pamoja. Hilo mtoto wa Ufipa hafundishwi na mtu.

"Basi ndivyo nyota hizo zilivyo. Zinaungua polepole. Jua letu litazimika, zenyewe bado zipo."

Yule binti hakukaa. "Wanasema pia haina hewa, madam. Wamejuaje, na hakuna aliyefika?"

Swali hilo ndilo lililonifuata mpaka nyumbani. Niliwaeleza kwamba hata darubini kubwa iliyoko angani haiioni sayari ile kama mimi ninavyowaona wao. Inaona nukta moja ya mwanga, nyota na sayari vikiwa pamoja. Sayari ikijificha nyuma ya nyota, mwanga unapungua kidogo sana. Kile kilichopungua ndicho kilichokuwa cha sayari, na kwa hicho wanajua uso wake una joto kiasi gani. Sasa hewa ni mchukuzi. Ingekuwapo, ingelibeba joto la upande wa mchana na kulipeleka upande wa usiku, na ule uso ungepoa. Uso haukupoa. Kwa hiyo hewa hakuna, na yamkini nyota yenyewe ndiyo iliyoipokonya, zamani, enzi za ujana wake na hasira zake.

"Kwa hiyo wamejua kwa kitu kilichopungua," alisema binti.

"Wamejua kwa kitu kilichopungua," nikasema, nikafuta ubao.

Mimi naishi na mama yangu kwenye nyumba aliyotuachia baba. Mtaani mama anajulikana kwa madirisha yake. Kizwite nzima ikijifungia kwa baridi, madirisha ya mama yako wazi, ameyawekea jiwe yasijifunge. Mapazia yanacheza usiku kucha. Nimeugua mafua kila Julai ya maisha yangu ya ualimu, nimelalamika mpaka nimechoka, naye hujibu kwamba nyumba lazima ipumue. Majirani wengine walisema mama ana damu nzito, hasikii baridi. Wengine walisema anamwachia njia marehemu mwanawe aingie. Hao wa pili, nikiri, nilikuwa naelekea kuwaamini, maana niliwahi kumkuta amesimama dirishani alfajiri, ameshika pazia, anatazama kitanda kitupu.

Marehemu huyo ni mdogo wangu. Kwetu mtoto wa kwanza mwanamke huja kumzalia kwao, chini ya mikono ya mama yake, na mdogo wangu alikuja hivyo, katikati ya kipupwe. Alijifungua salama mtoto wa kike. Asubuhi moja, kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, alikutwa kitandani amekufa, hana jeraha, hana povu, mashavu yana wekundu kama wa mtu mzima wa afya. Mimi nilikuwa chuoni, mbali. Nilifika nikakuta kaburi limeshafukiwa.

Nilisimuliwa hivi. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa anakaa kwetu. Hakuwahi kupata mtoto. Alfajiri ile, kabla ya kilio chochote, jirani yetu mmoja alimwona akitoka mlango wa nyumba kubwa na kwenda kumwaga majivu nyuma ya nyumba, na mgongoni amembeba kile kichanga. Baada ya hapo ndipo alipoanza kulia. Majivu ya alfajiri, mwanamke tasa, mtoto wa mwenzake mgongoni, na mama wa mtoto yu maiti ndani: watu hawakuhitaji la zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," walisema. Mawe yakaanza kuanguka kwenye bati la chumba chake. Baba, ili asije akauawa, alimpakia kwenye lori lililokuwa linashuka bondeni, naye baba akafa baadaye bila kushuka hata siku moja kumsalimia. Mimi sikuamini uchawi. Niliamini ni damu, kama inavyowachukua wazazi wengi, na hakuna aliyekuwa amenitajia jiko.

Kile kichanga kilikua mikononi mwa mama. Leo ni mwanamke, ameolewa Mbeya, na Julai hiyo ya sayari alikuwa amerudi kwetu na tumbo kubwa, kwa desturi ileile. Ananiita mama mkubwa. Amefanana na mama yake mpaka unaogopa. Husafisha koo kabla ya kusema jambo, kama yule, na hucheka akiziba mdomo kwa kanga, kama yule, na kwa hayo hakuwa na mtu wa kumwiga. Mama humwita kwa jina la marehemu, kisha husimama mlangoni kama aliyesahau alichokuja kuchukua.

Jioni moja, jua halijazama vizuri, nilikuwa sebuleni nasahihisha mitihani. Mjamzito wetu alikuwa amewasha jiko uani. Mkaa uliposhika vizuri aliufunika majivu, akalibeba jiko mpaka chumbani kwake, akatoa lile jiwe, akafunga dirisha. Mama aliingia kutoka kuanua maharage. Akanusa hewa, akatazama mlango wa chumba, na kabla sijanyanyua kichwa alikuwa ameshalibeba jiko lile kwa mikono mitupu, amelishika kwenye ukingo wa bati lenye moto, anakimbia nalo uani. Alilimwagia ndoo nzima ya maji. Mvuke ulimfunika mpaka nikawa simwoni.

"Chumba hiki hapana!" alikuwa anapiga kelele. "Moto chumba hiki hapana! Hapana!"

"Bibi, nilikuwa nasikia baridi tu," alisema binti yetu, ameshika tumbo, machozi yanamlengalenga.

Nilimkalisha mama na kumtia mikono kwenye beseni la maji baridi. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Hakulia. Macho yake hayakutoka kwenye lile dirisha mpaka binti alipokwenda kulifungua.

Hapo, nikiwa nimeshika mikono ya mama yangu ndani ya maji, nilikumbuka alichomwaga shangazi alfajiri ile. Majivu. Jikoni kwetu kulikuwa uani na tulipika kwa kuni. Majivu ya jikoni mtu yeyote aliyamwaga mchana kweupe. Lakini yule jirani, kila aliposimulia, hakukosa kusema kwamba shangazi alitoka mlango wa nyumba kubwa. Ndani ya nyumba kubwa, kwenye baridi ya namna ile, majivu yanatoka kwenye kitu kimoja tu. Kila mwaka baridi ikianza nawaambia wanafunzi wangu: mkaa ukiungua polepole mahali palipozibwa, unakula hewa na kutoa hewa nyingine, haina rangi, haina harufu. Mtu analala, haamki. Na mwili wake unaweza kubaki na wekundu wa afya. Nawaambia kila mwaka, na nyumbani nalalamikia madirisha.

Niliogopa. Niliogopa kwa sababu nilijua ndani ya nyumba ile ni nani aliyekuwa akiwasha moto wa mzazi.

Jumamosi nilisema nakwenda bondeni kununua mchele. Gari lilishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na kama kawaida tulianza kuvua masweta kwenye kona zile za juu na tulipofika chini tulikuwa tunajipepea. Muze ni joto tupu. Shangazi alikuwa na kibanda chake jirani na boma la wafugaji waliohamia kutoka kaskazini-magharibi. Hao hawakujua habari zake wala hawakuzitaka; walimwita bibi na kumletea maziwa. Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Macho yake yalikuwa yamefifia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani wewe?"

Nikamwambia. Akacheka kwa furaha, akanishika uso kwa mikono yenye pumba. "Mwalimu! Na wewe umezeeka? Basi mimi si nimeoza?" Akanipa kigoda, akanipa maji, akaulizia mvua, akaulizia shamba, akaulizia mama yangu. Mwishoni nikashindwa kuzunguka.

"Shangazi, yale majivu yalitoka kwenye jiko la chumbani?"

Ungo ulisimama mikononi mwake. Punje chache zilianguka, kuku wakazikimbilia.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akauweka ungo chini. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayefungua fundo la zamani: "Usiku nilimchukua mtoto nilale naye sebuleni, ili mdogo wako apumzike. Alfajiri mtoto akataka kunyonya. Nimeingia naye, kichwa kikaanza kunigonga. Dirisha limezibwa na blanketi la mama yako. Nikamgusa mdogo wako." Akapitisha mkono hewani, kama anagusa tena. "Mama yako alikuwa ameshakwenda kisimani. Nikatoa jiko. Nikatoa blanketi, nikalirudisha kitandani kwake. Ndipo nikalia."

"Kwa nini hukusema? Walikupiga mawe, shangazi!"

"Nimwambie nani? Mama yako alikuwa hajalala siku ngapi, anamkanda mdogo wako, anampikia uji. Kwenye baridi ile akajivua blanketi lake mwenyewe akaziba dirisha. Nimwambie ndilo lililomuua mwanawe? Angejitupa kisimani. Mawe yanauma, lakini yanakwisha. Na mimi mgongo wangu ulikuwa mtupu. Sikuwa na mtoto wa kuja kuitwa mtoto wa mchawi."

Nilimwambia zama zimebadilika, nitarudi na kusema ukweli, nitamsafisha jina, atarudi nyumbani. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake.

"Usimwambie mama yako. Nimekaa huku maisha yote ili asijue. Ukimwambia, utakuwa umenifukuza mara ya pili."

Nilirudi na mchele na mdomo uliofungwa. Funika kombe, mwanaharamu apite. Lakini kombe hilo lilikuwa linachemka. Nilimtazama mama akichambua mboga kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, nikakumbuka blanketi, nikakumbuka mikono, nikakumbuka madirisha. Shangazi alisema mama hajui. Mtu asiyejua haachi madirisha wazi kwa Julai zaidi ya ishirini. Siku kadhaa nilishindwa kula chakula alichopika mama yangu mzazi. Nilisema tumbo linasumbua. Usiku nilisikia mapazia yakipiga ukutani, na kwa mara ya kwanza nikawa nasikiliza kama kuna mtu kati ya pazia na dirisha.

Binti alijifungua hospitali, mtoto wa kike, tukamleta nyumbani. Mama alikuwa halali usingizi. Aliweka mkeka mlangoni pa chumba cha mzazi na kukaa hapo kama askari, na dirisha liko wazi, na jiwe liko mahali pake. Tulimfunika mtoto mpaka akawa mdogo kuliko nguo zake. Mchana mmoja mama alikuwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto, mimi nimemshika mtoto, binti akasema atapata nimonia yeye na mwanawe kwa dirisha hilo. Mama akasema nyumba lazima ipumue. Binti akasafisha koo.

"Bibi, mama yangu alikufaje?"

Mama alikiweka kile kitambaa cha kukandia ndani ya beseni. Maji yalitulia.

"Mama yako nilimuua mimi," alisema.

Akasimulia. Alikuwa anasikia mwanawe akilalamika baridi, akawasha mkaa, akaufunika majivu ulale vizuri, akaziba dirisha kwa blanketi lake, akamwambia mwanawe lala, mama. Aliporudi kutoka kisimani alikuta kilio. Na alipoingia chumbani kwake kutafuta kanga ya msiba, alikuta blanketi lake juu ya kitanda.

"Lilikuwa limekunjwa mara nne, kona kwa kona. Mimi sikunji hivyo, mimi nasokota tu. Nyumba ile alikuwa anakunja hivyo mtu mmoja. Nikajua yote hapohapo. Nikajua nilichofanya, nikajua na yeye alichofanya."

"Ukawaacha wamfukuze," nilisema. Haikuwa sauti ya mtoto kwa mzazi wake, na sikujali.

"Nilingoja aseme. Kila siku nilingoja aseme, nami nikubali mbele za watu. Hakusema. Mawe yalipoanza nikajiambia nitasema kesho." Akanitazama na ile mikono yake yenye makovu mapya imelala mapajani. "Kesho yenyewe ndiyo hii."

Binti aligeukia ukutani. Tulidhani analia. Alipogeuka alisema kwa sauti kavu, "Nataka bibi wa Muze ambebe mwanangu."

Jumapili jumuiya yetu ilikuja kusali nyumbani, kumshukuru Mungu kwa ajili ya mzazi na mtoto. Baada ya rozari, watu wakisubiri chai, mama alisimama. Alisema yote. Hakujitetea, hakuruka hata blanketi. Alisema wifi yake hana kosa na kwamba mchawi aliyetafutwa mtaani alikuwa yeye, na dawa yenyewe ilikuwa mkaa. Nilikuwa nimeshika birika, na ndani yangu nilikuwa na fahari niliyokuwa sijawahi kuwa nayo kwa mama yangu. Nikasema moyoni, imekwisha, shangazi anarudi.

Yule jirani aliyeona majivu ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Ni mama mtu mzima, mwema, amenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alimkumbatia mama na kumpangusa machozi. Kisha akatugeukia.

"Mnaona jamani? Yule mchawi wa Muze amemfikia mpaka huku. Sasa anamsemesha maneno yasiyo yake."

Wakaanza kusali upya. Wakamwekea mama mikono kichwani, wakamkemea shetani wa Muze, mmoja akaomba maji ya baraka. Nikaingilia kati. Nilieleza mkaa na hewa yake kama ninavyoeleza ubaoni, nikaeleza wekundu wa mashavu, nikapandisha sauti, nikagonga meza. Walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto anayeghani shairi la shule.

"Mwalimu, hayo ya vitabuni ni kweli," alisema jirani. "Lakini lisemwalo lipo."

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Sayari hakuna aliyeiona, na dunia nzima imekubali ipo, imekubali na hewa haina. Hapa muuaji mwenyewe amesimama sebuleni kwake akasema ni mimi, na hakuna aliyekubali. Mama alibaki katikati yao ameinamisha kichwa chini ya mikono yote ile. Sijawahi kumwona mtu mpweke kama yeye siku hiyo.

Mtoto alipokwisha kutolewa nje na baridi kupungua, tulishuka Muze: mama, binti, kichanga, na mimi. Mama alikuwa amepakata mfuko wa plastiki ambao hakumruhusu mtu kuushika. Ndani mlikuwa na lile blanketi, la kijivu, pembe zimelika. Hakuwa amelitumia tena wala kulitupa. Jasho lilipoanza kumtiririka njiani hakuvua sweta.

Shangazi alikuwa barazani. Mama alipiga magoti vumbini, mbele ya kuku na watoto wa wafugaji waliokuja kushangaa, akasema, "Wifi." Akamwekea blanketi mikononi.

Shangazi alilipapasa. Akapapasa pembe zake. Uso ukamkunjuka, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Wifi yangu! Blanketi la nini huku? Muze tunalala hata bila shuka!" Akalibana kifuani, machozi yakamtoka huku bado anacheka. Akanitafuta kwa macho yasiyoona vizuri. "Na wewe mwalimu, si nilikwambia usimwambie?"

"Sikumwambia, shangazi."

"Kajuaje basi?"

Nilitamani mtu mwingine ajibu. Binti alitazama chini. Mama ndiye aliyejibu, akiwa bado amepiga magoti. "Nilijua siku ileile, wifi. Nililikuta kitandani, umelikunja."

"Siku ileile."

"Siku ileile."

Kicheko kilimwisha shangazi usoni kidogo kidogo. Alikaa. Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi likatupita, na yeye alikuwa bado ameshika blanketi na mdomo umebaki wazi kidogo, kama anayehesabu kitu kirefu na anapotea katikati. Mama hakuomba msamaha kwa maneno. Alibaki amepiga magoti, naye shangazi hakumwambia inuka.

Baadaye aliomba mtoto. Binti alimfunga kichanga mgongoni mwa shangazi kwa kanga, naye akazunguka uani, polepole, anamwimbia Kifipa kwa sauti ya chini. Mtoto akalala. Alizunguka naye muda mrefu, hata dereva wa gari lililotuleta akaanza kupiga honi. Alipomrudisha alimbusu utosini, akambusu na binti, akanishika mkono.

Halafu alirudi kwa mama. Alilichukua lile blanketi, akalikung'uta vumbi, akalikunja mara nne, kona kwa kona, akamwekea mapajani.

"Rudi nalo," alisema. "Kwenu kuna baridi."